Kutumia Programu za Simu Kurudisha Usemi na Kumbukumbu Baada ya Jeraha la Ubongo

Mwaka 2019 jarida la Lancet Neurology lilichapisha matokeo ya jaribio lililoitwa Big CACTUS, lililofanyika Uingereza kwa watu 278 ambao lugha yao iliharibiwa na kiharusi. Baadhi yao waliongezewa programu ya kompyuta ya kufanyia mazoezi ya maneno nyumbani, kila siku, kwa miezi 6. Walipopimwa, walikuwa wamepiga hatua ya wazi katika kutaja maneno waliyoyafanyia mazoezi. Mazungumzo yao, hata hivyo, hayakuwa bora kuliko ya wale ambao hawakupewa programu hiyo.

Ukiyaelewa vizuri matokeo hayo utaokoa pesa na muda mwingi. Programu humpa mgonjwa kile alichokifanyia mazoezi, basi. Akizoezwa kutaja "tembo" na "piano", atapata tembo na piano, na bado atashindwa kuomba miwani yake. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mambo ambayo hutayakuta kwenye maelezo ya programu yoyote: kuchagua maneno, kuandaa simu, na kuyatoa mazoezi kwenye kioo yaingie maishani. Nauandika kwa ajili yako wewe unayeishi na mgonjwa, maana mara nyingi wewe ndiye utakayeishika simu hiyo kwanza.

Hatua ya 1: Jua kilichoharibika

"Hawezi kuongea" ni kauli pana mno. Matatizo manne tofauti hujificha ndani yake, na programu inayofaa moja inaweza kuwa kazi bure kwa jingine.

La kwanza ni afasia. Hapa lugha yenyewe ndiyo imejeruhiwa. Mwaka 1861 daktari Mfaransa Paul Broca alieleza habari za mgonjwa aliyekuwa akitamka karibu silabi moja tu, "tan", ingawa alionekana kuelewa mengi aliyoambiwa. Mwaka 1874 Carl Wernicke akaeleza sura nyingine: maneno yanatiririka, lakini hayana maana, na mgonjwa haelewi vizuri anachoambiwa. Tofauti hiyo ina kazi hadi leo unapochagua zoezi. Wa aina ya kwanza anahitaji mazoezi ya kutoa neno. Wa aina ya pili aanze na kusikia neno na kugusa picha yake, vinginevyo utakuwa unamsukuma aongeze maneno ambayo yeye mwenyewe hayafuatilii.

La pili ni disathria: lugha ni nzima, misuli ya mdomo, ulimi na pumzi ndiyo dhaifu. Dalili nzuri ni kwamba anaandika ujumbe wa simu bila shida lakini akisema hasikiki au maneno yanakokotana. Huyu haihitaji programu ya kutaja picha hata kidogo.

La tatu, apraksia ya usemi, ni ubongo kushindwa kuupangia mdomo miendo. Akirudia neno lile lile mara tatu, linaweza kutoka kwa namna tatu. Ajabu ni kwamba kuhesabu moja hadi kumi, salamu, au wimbo wa utotoni huweza kutoka vizuri kabisa.

La nne ni matatizo ya utambuzi, yaani umakini, kumbukumbu na uwezo wa kupanga. Hutokea sana baada ya kugongwa kichwa kwenye ajali. Anaongea sawasawa, ila anapoteza uzi wa habari katikati, au mchana hakumbuki mlichokubaliana asubuhi.

Wengi wana mchanganyiko. Kutenganisha ni kazi ya mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha, na hata kikao kimoja naye, cha ana kwa ana au kwa simu ya video, kina thamani kuliko programu tano. Kabla ya yote hayo, hakikisha anasikia na anaona. Wapo wagonjwa ambao "hawaelewi zoezi" kwa sababu tu miwani yao imesahauliwa kwenye begi la hospitali.

Tahadhari mbili. Ikiwa ni mtikisiko wa ubongo uliotokea juzi tu, simu isubiri. Utafiti uliochapishwa katika JAMA Pediatrics mwaka 2021, kwa watu 125 wenye umri wa miaka 12 hadi 25, ulionyesha kwamba walioacha kutazama skrini kwa saa 48 za mwanzo walipona kwa wastani wa kati wa siku 3.5, na walioruhusiwa kutazama walichukua siku 8. Na ikiwa usemi umeharibika ghafla zaidi ya ulivyokuwa, uso umepinda, mkono umelegea, kuna degedege, kutapika au usingizi usio wa kawaida, hiyo ni dharura ya hospitali, wala si siku ya kubadilisha programu.

Hatua ya 2: Andika maneno yake kabla ya kupakua chochote

Chukua karatasi. Andika majina ya watu anaowaona kila wiki, vitu anavyovihitaji kila siku, sehemu za mwili zinazomuuma, maneno ya kazi yake, ya dini yake, ya timu anayoishabikia. Muulize yeye mwenyewe, hata kama ni kwa kuonyesha kidole. Fundi umeme atajitahidi zaidi kulirudisha neno "waya" kuliko "twiga". Lenga maneno 30 hadi 40 kwa kuanzia, kisha chagua 10 ya wiki mbili za mwanzo.

Pembeni yake andika shughuli mbili au tatu anazotaka kuzirudia: kupokea simu, kumwambia daktari panapouma, kunywa dawa bila kukumbushwa. Shughuli hizi ndizo zitakazokuonyesha baadaye kama mazoezi yana faida.

Hatua ya 3: Chagua programu kwa kazi yake

Programu za mazoezi ya lugha zipo nyingi, na zilizotengenezwa na wataalamu wa fani hii ni pamoja na zile za Tactus Therapy, Constant Therapy na Cuespeak. Zina jambo zuri ambalo michezo ya kawaida ya maneno haina: mgonjwa akikwama, hupewa vidokezo hatua kwa hatua. Kikwazo ni lugha. Zimejengwa juu ya Kiingereza. Kama mgonjwa alifanya kazi na kuota ndoto kwa Kiingereza, zitamfaa. Kama maisha yake yote ni ya Kiswahili, kumfanyisha mazoezi kwa lugha aliyoitumia darasani tu ni kumwongezea mzigo mwingine juu ya aliopewa na jeraha. Kwake yeye tengeneza kadi zako mwenyewe, kama nitakavyoeleza katika hatua ya 5.

Mwenye disathria anahitaji vitu vya kawaida zaidi: kinasa sauti cha simu ajisikilize, kamera ya mbele atazame mdomo wake, na programu ya kupima ukubwa wa sauti ili aone kwa macho anaposhuka. Namba za desibeli za simu si sahihi sana, lakini kwa kulinganisha jana na leo kwenye simu ile ile, iliyowekwa umbali ule ule, zinatosha.

Kuna programu za kusema kwa niaba ya mtu, ambapo mgonjwa anagusa picha au anaandika na simu inatamka. Proloquo2Go na TouchChat ni maarufu. Familia nyingi huzikwepa zikiogopa kwamba mgonjwa atazembea kuongea. Usizikwepe. Mtu anayeweza kusema "naumwa" kwa kidole hapigani na hasira kutwa nzima, na nguvu hiyo anaipeleka kwenye mazoezi. Huna programu hizo? Fungua albamu kwenye picha za simu, weka picha 20 za watu, vyumba, dawa na nguo zake. Inafanya kazi.

Halafu kuna michezo ya "kunoa ubongo". Mwaka 2016 kampuni iliyotengeneza Lumosity ilikubali kulipa dola milioni 2 za Marekani kumaliza mashtaka ya Tume ya Biashara ya nchi hiyo, iliyodai kwamba matangazo yake yaliwadanganya watu kuhusu faida za michezo hiyo kazini, shuleni na kwa waliopata majeraha ya ubongo. Mgonjwa akiipenda michezo hiyo, acheze ajifurahishe. Kuuhesabu mchezo kuwa ndiyo tiba ya kumbukumbu, hapana. Kwa kumbukumbu, kalenda na kengele vilivyo tayari ndani ya simu vina ushahidi bora zaidi, na havilipiwi.

Kabla ya kulipia programu yoyote angalia mambo haya: je, inafanya kazi bila intaneti, unaweza kuingiza picha na sauti zako, unaweza kupunguza kasi, na inahifadhi wapi sauti za mgonjwa? Majaribio ya "bure kwa siku 7" mara nyingi hugeuka malipo ya kila mwezi, kwa hiyo weka kengele ya kukukumbusha siku moja kabla.

Hatua ya 4: Iandae simu

Kishikwambi ni bora kuliko simu ndogo, hasa kwa mwenye mkono uliopooza. Kiweke kwenye stendi au kiegemeze ili mkono mzima ubaki huru. Kuza maandishi, zima arifa zote, ondoa programu zote kwenye ukurasa wa kwanza ubakize nne au tano. Simu za Android na iPhone zote zina mpangilio wa kuifunga simu ndani ya programu moja, mgonjwa asitoke nje kwa bahati mbaya. Utafute kwenye mipangilio na uuwashe. Ikiwa kidole chake hutetemeka au hukawia juu ya kioo, ongeza muda wa mguso kwenye sehemu ya ufikivu.

Ikiwa jeraha liko upande wa kulia wa ubongo, angalia kama anaupuuza upande wa kushoto: anaacha sehemu ya kushoto ya ukurasa bila kusoma, anakosa vitufe vya huko. Mwanzoni sogeza vitu muhimu kulia. Baadaye bandika utepe mwekundu kwenye ukingo wa kushoto wa kishikwambi na umfundishe kuutafuta utepe kwanza kila anaposoma. Ikiwa mwanga unamuumiza kichwa, punguza mwangaza, washa mandhari meusi na uzime miondoko ya skrini.

Jambo moja zaidi, na si la kuchelewesha: ondoa kadi za benki na ufunge ununuzi kwa neno la siri. Jeraha la sehemu ya mbele ya ubongo linaweza kuharibu uamuzi, na matapeli hawabagui.

Hatua ya 5: Tengeneza kadi kwa lugha yake

Anki ni programu ya kadi za kujifunzia inayotumiwa sana na wanafunzi. Kwenye kompyuta ni bure, na kwenye Android ni bure kwa jina la AnkiDroid. Kwenye iPhone hulipiwa. Haikubuniwa kwa wagonjwa, lakini inakuruhusu kuweka picha na sauti zako mwenyewe, na hicho ndicho tunachokitaka.

Mbele ya kadi weka picha halisi: kikombe chake chenyewe, mlango wake, uso wa dada yake. Piga picha kwenye mwanga mzuri, kitu kimoja katika picha moja. Nyuma ya kadi weka neno kwa herufi kubwa na sauti yako ukilitamka taratibu, bila kulikatakata. Kwa maneno magumu tengeneza kadi ya pili ambayo mbele ina sentensi isiyokamilika kwa sauti: "Lala, weka kichwa kwenye…" Sentensi ya namna hiyo mara nyingi huvuta neno ambalo picha pekee imeshindwa kulivuta.

Programu inapendekeza kadi mpya 20 kwa siku. Hiyo ni idadi ya mwanafunzi mwenye mtihani. Ishushe hadi 2 au 3. Vitufe vya kujipima vinavyotokea chini ya jibu ubonyeze wewe, maana vinachanganya.

Vidokezo ndivyo vinavyohitaji ustadi. Akikwama usimtajie neno mara moja, wala usimwache ahangaike hadi akasirike. Subiri kimya sekunde kama 10. Kisha muulize matumizi: "tunakifanyia nini?" Kisha rangi, mahali kinapokaa, kinachoambatana nacho. Mazoezi haya ya kuzunguka sifa za kitu yana jina na historia katika tiba ya afasia, kwa sababu yanaamsha maneno jirani. Ikishindikana mpe mwanzo wa neno.

Hapa Kiswahili kina jambo lake. Vitabu vya tiba vilivyoandikwa kwa Kiingereza husema mpe sauti ya kwanza. Ukimwambia "ki…" umempa kikombe, kijiko, kiti, kitanda, kisu na kiatu kwa pamoja. Mpe silabi inayotofautisha: "kiji…", "kiko…". Kwa maneno yenye silabi mbili kama "mto", tumia sentensi isiyokamilika. La mwisho kabisa, litamke neno na mlirudie pamoja mara tatu, midomo yenu ikitazamana.

Mwenye tatizo kubwa la kumbukumbu mfanyie kinyume: mpe jibu mapema, asikisie. Kosa lake linaweza kubaki kichwani badala ya sahihisho lako.

Hatua ya 6: Endesha kikao

Dakika 15 hadi 20, mara mbili kwa siku, saa ambayo kichwa chake ni chepesi. Kwa wengi ni asubuhi. Zima redio na televisheni. Anza na maneno mawili anayoyaweza, ingia kwenye magumu, malizia na rahisi. Uchovu wa ubongo uliojeruhiwa si uvivu: ukiona makosa yanaongezeka ghafla, macho yanakimbia au sauti inapanda, funga simu hata kama zimepita dakika 6.

Wingi wa mazoezi una uzito. Utafiti wa Ujerumani uliotoka katika The Lancet mwaka 2017, wenye watu 156 waliokuwa na afasia kwa miezi 6 au zaidi baada ya kiharusi, ulitumia angalau saa 10 za tiba kwa wiki kwa wiki 3, na mawasiliano yao ya kila siku yakaboreka. Saa hizo zilikuwa na wataalamu, huku mazoezi ya kujifanyia yakiongezwa juu yake, kwa hiyo usidhani simu peke yake italeta hayo. Ila usimkubali anayekuambia kwamba miezi 6 ikipita mlango umefungwa.

Hatua ya 7: Litoe neno kwenye simu siku ile ile

Neno alilolipata asubuhi lazima lifanye kazi mchana. Kama ni "miwani", ifiche miwani mahali asipoifikia na usimpe hadi ajaribu kuiomba. Jaribio lolote linatosha: nusu ya neno, ishara, kuandika herufi. Kama ni jina la dada yake, mpigie dada huyo na umwache mgonjwa aseme neno la kwanza. Watu wa nyumbani waambiwe neno la leo, ili watano wamchokoze nalo badala ya mmoja.

Chombo ninachokipenda kuliko vyote hapa ni ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Mgonjwa anarekodi, anajisikiliza, anafuta, anarekodi tena, na hakuna mtu anayemkodolea macho akisubiri. Mpokeaji naye ni mtu halisi anayejibu. Mpange na ndugu mmoja mwenye subira: ujumbe mmoja kwa siku, wenye maneno mawili ya wiki hiyo. Anayeandika kwa shida ajaribu kibodi ya Google inayogeuza sauti kuwa maandishi, kwani inasikia Kiswahili. Kwa mwenye disathria inageuka kipimo pia, maana ikimwandika sahihi basi anasikika.

Nawe ubadilike. Sema sentensi fupi, jambo moja kwa wakati. Uliza maswali ya ndiyo au hapana anapochoka. Andika neno kuu kwenye karatasi mnapozungumza. Usimalizie sentensi yake kabla hajaomba, na usimsemeshe kama mtoto: mama bado ni mama, na mzee bado ni mzee, hata neno likikataa.

Hatua ya 8: Kumbukumbu iwekwe nje ya kichwa

Uingereza, kabla ya simu janja, mwanasaikolojia Barbara Wilson na wenzake waliwapa watu 143 wenye matatizo ya kumbukumbu na mipango kifaa kidogo cha kuvaa kwenye mkanda wa kiunoni, kilicholia na kuonyesha ujumbe mfupi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba wengi wao walianza kutimiza mambo waliyokuwa wakiyasahau. Simu yako inafanya hayo na zaidi.

Kengele iseme la kufanya. "Saa 2:00" haitoshi. "Kunywa kidonge cheupe, droo ya juu, na maji" inatosha. Kwa asiyesoma, tumia sauti ya mtu wa familia iwe mlio wa kengele. Usiweke kengele 12 siku ya kwanza. Weka moja, izoeleke, kisha ongeza.

Kazi ngumu ni kumfundisha kuitazama simu. Muulize: "Ukitaka kujua leo una nini, unafanya nini?" Jibu: "Natazama kalenda," huku akiifungua. Uliza tena baada ya sekunde 30, kisha dakika 1, 2, 4, 8, mkifanya mengine katikati. Akikosea mpe jibu palepale, aifungue, kisha rudi kwenye muda wa mwisho aliofaulu. Njia hii huwafaa hata wenye usahaulifu mkubwa.

Hatua ya 9: Pima, kisha uamue

Kabla ya kuanza, chagua maneno 10 ya kufanyia mazoezi na mengine 10 ya ugumu uleule ambayo hutayagusa. Mpime yote siku tatu tofauti, kwa sababu hali yake hupanda na kushuka. Baada ya wiki 6 pima tena. Yakiongezeka yote sawasawa, huenda ubongo unapona wenyewe, jambo zuri. Yakiongezeka ya mazoezi tu, programu inafanya kazi, na sasa unajua lazima uendelee kubadilisha maneno. Yasipoongezeka yoyote, tazama kwanza kama vidokezo vyako ni vya haraka mno au kama tatizo lilikuwa disathria tangu mwanzo, kisha mpelekee mtaalamu daftari lako pamoja na rekodi mbili za dakika moja, ya mwanzo na ya sasa. Rekodi hizo zitamwambia mengi ambayo alama za programu, pamoja na nyota zake za kung'aa, hazionyeshi.

Na rudi kwenye zile shughuli mbili au tatu ulizoziandika pembeni. Kama anapokea simu lakini alama za programu ziko palepale, endelea kama ulivyo. Kama alama zinapanda kila wiki na bado simu ikiita anakupa wewe upokee, punguza dakika za kadi kwa nusu na uzihamishie kwenye kupokea simu.